Kompyuta Inakuuliza "Yes" au "No" Kila Unapofungua Programu Ileile: Mwongozo Kamili wa Windows 10 na 11

Unafungua programu ya mauzo uliyoitumia miaka mitatu. Skrini inafifia, dirisha linajitokeza: "Do you want to allow this app to make changes to your device?" Unabofya "Yes". Unaifunga kwenda kula, unarudi, unaulizwa tena. Dirisha hilo ni la User Account Control, mafundi huiita UAC. Mwongozo huu ni wa kuinyamazisha kwa programu moja unayoiamini, huku ikiendelea kuilinda kompyuta iliyobaki.

Nauandika kwa sababu naona watu wakikwama palepale patatu. Wa kwanza huzima UAC yote, na kuanzia siku hiyo kompyuta haiulizi lolote, hata faili hasidi inapofunguliwa. Wa pili hufuata maelekezo ya Task Scheduler (zana ya Windows ya kuendesha kazi ulizozipanga) hadi mwisho, lakini kwa akaunti ya karani isiyo na mamlaka, kwa hiyo programu haipati kitu.

Wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Yeye hufanikiwa. Onyo linaondoka, anafurahi, kumbe programu iko kwenye folda inayoandikwa na yeyote. Amefungua mlango na kuuacha bila komeo. Hatua ya 6 ni kwa ajili yake, tafadhali usiiruke.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Neno la siri la akaunti ya msimamizi, ile inayoandikwa "Administrator". Bila hilo, hatua nyingi hapa hazitafunguka.
- Flashi yenye nafasi ya kutosha kunakili data yote ya programu.
- Faili ya kusakinishia programu hiyo, au mawasiliano ya aliyekuuzia.
- Muda wa saa moja ambapo hakuna anayeuza wala kuandika risiti kwenye kompyuta hiyo.
- Chaji kamili kama ni laptopu. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha data, hasara yake ni kubwa kuliko usumbufu unaouondoa.

Kabla ya kugusa chochote, funga programu na unakili folda yake ya data kwenye flashi. Ifungue hiyo nakala uone faili zimo na tarehe zake ni za karibuni.

## Hatua ya 1: Rudisha ulinzi mahali pake

Bofya Start, andika uac, chagua "Change User Account Control settings". Utaona kitelezi chenye ngazi nne. Kiweke ngazi ya pili kutoka juu, ambayo ndiyo ya kawaida ya Windows.

Ngazi ya tatu huwavutia wengi kwa sababu skrini haififishwi. Lakini ule ufifiaji una kazi. Skrini inapofifia, dirisha la kuuliza linakaa mahali pa peke yake ambapo programu nyingine haziwezi kulibofya kwa niaba yako. Ukiuondoa, umeondoa ukuta huo.

Ngazi ya chini kabisa ni mbaya zaidi. Ukiwa umeingia kama msimamizi, chochote kinachoomba mamlaka hupewa kimyakimya.

Umefanikiwa ukiona: kitelezi kiko ngazi ya pili, na onyo limerudi. Ndiyo, kwa sasa usumbufu umerudi. Tunataka kuuondoa kwa njia nyingine.

## Hatua ya 2: Jua ni onyo lipi unaloliona

Watu wengi hutibu onyo moja kwa dawa ya lingine. Yako matatu yanayochanganywa.

Skrini inafifia na juu ya dirisha pameandikwa "User Account Control". Hili ndilo tunaloshughulikia. Likiwa la buluu, programu ina saini ya kidijitali inayotambulika, yaani alama inayothibitisha ni nani aliyeitoa. Likiwa la manjano, mchapishaji hajulikani.

"Open File - Security Warning". Hili hutokea kwa sababu faili ilishushwa kutoka intaneti na Windows imeitia alama. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", na chini ya kichupo cha "General" weka tiki kwenye "Unblock", kisha "OK". Basi. Huhitaji hatua nyingine hapa, mradi faili yenyewe umeihakiki kama Hatua ya 3 inavyosema.

"Windows protected your PC". Hii ni SmartScreen, kichujio cha usalama cha Windows, na inamaanisha programu haijajulikana vya kutosha kwa Microsoft. Kuna njia ya kuipita kupitia "More info" kisha "Run anyway", lakini usiitumie kabla ya kuhakiki.

## Hatua ya 3: Hakikisha programu ni yenyewe

"Naiamini" si ushahidi. Unayemwamini ni mtengenezaji. Faili iliyo kwenye kompyuta yako inaweza kuwa imetoka kwa mtu mwingine kabisa.

1. Onyo likitokea, bofya "Show more details" usome njia ya faili, yaani mahali ilipo kwenye kompyuta. Programu ya mauzo haitakiwi kuwa inafunguka kutoka "Downloads", "Temp" wala kwenye flashi.
2. Nenda kwenye faili hiyo, fungua "Properties", tafuta kichupo cha "Digital Signatures". Chagua jina lililoko, bofya "Details". Unatafuta maneno "This digital signature is OK" na jina la mtengenezaji unayemjua.
3. Kichupo hicho kisipokuwepo, faili haina saini. Programu nyingi ndogo zinazoandikwa na vijana wetu kwa ajili ya maduka na shule ziko hivyo, na ukosefu wa saini peke yake hauzifanyi kuwa mbaya. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri (bofya Start, andika cmd), uandike amri hii, ukiweka njia ya faili yako:

`certutil -hashfile "C:\Program Files (x86)\Mauzo\mauzo.exe" SHA256`

Itatoka mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Mpigie aliyetengeneza programu, mwombe apige amri hiyohiyo kwenye faili yake ya toleo lilelile. Mifuatano ikilingana, faili hazijatofautiana hata kwa herufi moja.

Onyo: programu uliyopewa ikiwa imevunjwa leseni, ile wanayoiita "crack", iishie hapa. Usiipe mamlaka ya kudumu kwa njia yoyote. Aliyeifungua kufuli ameshaibadilisha ndani, na huwezi kujua alichoongeza.

## Hatua ya 4: Tafuta kwa nini inaomba mamlaka

Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Mara nyingi safari huishia hapa, bila kuhitaji Task Scheduler.

### Angalia tiki ya zamani

Fungua "Properties" ya njia ya mkato (shortcut) iliyo kwenye eneo-kazi (desktop), nenda "Compatibility". Je, "Run this program as an administrator" ina tiki? Mara nyingi fundi aliyesakinisha aliiweka ili programu ikubali kuhifadhi, akaondoka. Tiki hiyo ndiyo inayoleta onyo kila siku.

Usiitoe bado. Soma kwanza kinachofuata.

### Mtego wa data kujificha

Programu za zamani huandika data ndani ya folda yake yenyewe, yaani ndani ya Program Files. Folda hiyo imefungwa: mtumiaji wa kawaida anaweza kusoma na kuendesha, hawezi kuandika. Programu ikiwa na mamlaka ya msimamizi, inaandika bila shida. Ikiyakosa, Windows hufanya jambo ambalo wengi hawalijui: kwa programu nyingi za zamani za biti 32, maandishi hupelekwa kimyakimya kwenye folda nyingine:

`C:\Users\jina-lako\AppData\Local\VirtualStore`

Programu haioni tofauti. Inahifadhi, inasoma, inaonekana salama. Lakini sasa kuna data mbili: ya zamani ndani ya Program Files, na mpya ndani ya VirtualStore ya mtumiaji mmoja tu. Karani mwingine akiingia kwa akaunti yake, mauzo ya jana hayaoni. Fundi akiirudisha tiki, mauzo ya wiki nzima "yamepotea". Hayakupotea, yamelala VirtualStore.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa tiki yoyote, fungua VirtualStore uangalie kama kuna folda ya programu yako. Ikiwepo, nakili folda zote mbili kwenye flashi na ulinganishe tarehe za faili.

Kama iliyo VirtualStore ndiyo mpya na imebeba kila kitu, programu ikiwa imefungwa, ihamishie mahali pa ile ya Program Files. Kama zote mbili zina mauzo yasiyomo kwenye nyingine, usifute wala kufunika hata moja. Hapo anayehitajika ni mtengenezaji wa programu, aziunganishe.

Usiache nakala VirtualStore baada ya kuhamisha. Ikibaki, ndiyo itakayosomwa kwanza, hata kama ile halisi ni mpya zaidi.

### Mpe mtumiaji ruhusa kwenye folda ya data tu

Programu ikiwa na folda ndogo ya data, mfano "Mauzo\Data", hili ndilo suluhisho zuri kuliko yote:

1. Bofya "Data" kwa kitufe cha kulia, "Properties", kichupo cha "Security", kisha "Edit".
2. Chagua "Users", weka tiki ya "Allow" kwenye "Modify". Bofya "OK".
3. Sasa rudi "Compatibility", toa tiki ya "Run this program as an administrator".
4. Fungua programu, andika muamala mmoja wa majaribio, ifunge, ifungue tena.

Onyo: ruhusa hiyo ni ya folda ya data peke yake. Usiiweke kwenye folda nzima yenye faili ya .exe, yaani faili inayoifungua programu. Sababu iko Hatua ya 6.

Umefanikiwa ukiona: hakuna onyo, muamala wa majaribio upo, tarehe ya faili ndani ya "Data" imebadilika, na VirtualStore haina kitu kipya. Kama yote manne yametimia, umemaliza; futa muamala wa majaribio urudi kazini. Njia hii hufanya kazi hata kwa karani mwenye akaunti ya kawaida, na ndiyo maana ninaitanguliza.

### Programu inayoomba bila sababu

Nyingine huomba mamlaka kwa mazoea tu ya aliyeiandika. Ijaribu bila mamlaka. Tengeneza njia ya mkato mpya yenye mstari huu:

`cmd /min /c "set __COMPAT_LAYER=RunAsInvoker&&start "" "C:\Program Files (x86)\Mauzo\mauzo.exe""`

Zingatia mistari-chini miwili mwanzoni mwa COMPAT. Mstari huu hauipi programu nguvu yoyote. Unaiambia ianze kwa uwezo alionao mtumiaji. Ikifunguka na kuhifadhi vizuri, na VirtualStore haina kitu kipya, umepata tiba isiyo na hatari. Ikikataa kuhifadhi au kuchapa, basi ilihitaji mamlaka kweli, na tunaendelea.

## Hatua ya 5: Tengeneza kazi kwenye Task Scheduler

Kwanza, hakikisha akaunti unayotumia ni ya msimamizi. Task Scheduler humpa mtu kilele cha mamlaka *yake*. Kilele cha karani wa kawaida bado ni ukarani. Ndiyo maana wale wa kundi la pili hufuata kila kitu na wasione badiliko. Kama mtumiaji wa kila siku ana akaunti ya kawaida, rudi Hatua ya 4 na usimpe usimamizi ili tu kumaliza jambo hili.

Programu ambazo hazistahili hatua hii hata kidogo: kivinjari, Command Prompt, PowerShell, na programu za kuingia kompyuta kwa mbali. Hizo hufanya lolote zinaloambiwa, na ukizipa mamlaka yasiyoulizwa umempa mamlaka hayo yeyote atakayezifikia.

1. Bofya Start, andika Task Scheduler, ifungue. Upande wa kulia chagua "Create Task". Usichague "Create Basic Task". Hiyo hukupitisha njia fupi inayodai ratiba, nasi ratiba hatuitaki.
2. Kichupo cha "General": andika jina fupi lisilo na nafasi, mfano Mauzo. Acha "Run only when user is logged on". Weka tiki "Run with highest privileges". Hii ndiyo tiki inayobeba kazi yote.
3. Kichupo cha "Triggers": acha kitupu, ili programu ifunguke pale tu unapoiita.
4. Kichupo cha "Actions": "New", kisha "Browse", chagua faili ya .exe. Kwenye "Start in" andika folda ya programu bila alama za kunukuu. Programu nyingi za zamani hutafuta data mahali zilipoanzia, na usipojaza hapo zinaweza kufunguka tupu.
5. Kichupo cha "Conditions": toa tiki ya "Start the task only if the computer is on AC power". Ukiiacha, siku umeme ukikatika laptopu itabaki na betri na programu itakataa kufunguka, tena bila kukuambia sababu.
6. Kichupo cha "Settings": hakikisha "Allow task to be run on demand" ina tiki. Toa tiki ya "Stop the task if it runs longer than", kwa sababu ikiachwa itaifunga programu ikifikisha siku tatu, hata katikati ya mauzo.
7. Bofya "OK". Kwenye orodha, bofya kazi hiyo kwa kitufe cha kulia uchague "Run".

Umefanikiwa ukiona: programu imefunguka bila onyo. Kwenye safu ya "Last Run Result", 0x41301 si kosa. Inamaanisha bado inaendeshwa. 0x80070002 inamaanisha faili haikupatikana, kwa hiyo kagua njia uliyoandika.

## Hatua ya 6: Tia komeo kwenye folda

Sasa kazi yako inasema: "Chochote kilichopo kwenye njia hii kiitwacho mauzo.exe, kipe mamlaka ya msimamizi bila kuuliza." Windows haitaangalia kama ni faili ileile ya jana. Programu hasidi ikiweza kuifuta mauzo.exe na kuweka yake kwa jina hilohilo, wewe mwenyewe kesho asubuhi utaifungulia mlango kwa kubofya mara mbili.

Kinachoizuia ni ruhusa za folda tu. Fungua Command Prompt uandike:

`icacls "C:\Program Files (x86)\Mauzo"`

Tafuta mstari wenye "Users". Ukiona (RX) uko salama, maana yake kusoma na kuendesha. Ukiona (M) au (F) kwa "Users", "Authenticated Users" au "Everyone", folda iko wazi.

Programu nyingi za uhasibu na za maduka hupenda kusakinishwa moja kwa moja kwenye C:, mfano C:\Mauzo. Folda inayoundwa hapo kwa kawaida hurithi ruhusa ya "Authenticated Users" kubadilisha faili. Yaani iko wazi tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekosea. Kwa matumizi ya kawaida haikusumbui. Ikiunganishwa na kazi ya Hatua ya 5, ni hatari.

Tiba ni mbili. Iliyo bora: nakili data, ondoa programu, isakinishe upya ndani ya Program Files, rudisha data, kisha rekebisha njia kwenye "Actions" na "Start in". Kama programu haikubali kuhamishwa, fungua "Properties" ya folda, "Security", "Advanced", bofya "Disable inheritance", chagua kubadilisha ruhusa zilizorithiwa ziwe za hapo hapo, kisha mpunguzie "Authenticated Users" abaki na "Read & execute". Usiguse mistari ya "SYSTEM" na "Administrators".

Endesha icacls tena. Halafu jaribu kwa mkono: fungua folda hiyo kwa File Explorer na ujaribu kubadilisha jina la mauzo.exe.

Umefanikiwa ukiona: Windows inakuambia unahitaji ruhusa ya msimamizi kufanya hivyo. Bofya "Cancel". Ikikubali kubadilisha bila kuuliza, rudisha jina na urudie hatua hii. Usiendelee mbele.

## Hatua ya 7: Njia ya mkato

Bofya eneo-kazi kwa kitufe cha kulia, "New", "Shortcut", uandike:

`C:\Windows\System32\schtasks.exe /run /tn "Mauzo"`

Jina lilingane na lile la Task Scheduler. Kisha kwenye "Properties" ya njia hiyo, chagua "Minimized" kwenye "Run" ili dirisha jeusi lisimulike, na tumia "Change Icon" kuipa alama ya programu yako.

Ifute njia ya mkato ya zamani. Ikibaki, karani ataibofya kwa mazoea na kukuambia onyo limerudi.

## Hatua ya 8: Kagua

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Task Manager nenda "Details", bofya kichwa cha safu yoyote kwa kitufe cha kulia, "Select columns", weka tiki "Elevated". Programu yako isomeke "Yes". Kivinjari chako kisomeke "No". Kikisomeka "Yes", kinaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi: kifunge, toa tiki ya "Run this program as an administrator" kama imo kwenye "Compatibility" yake, kisha ukague tena kitelezi cha Hatua ya 1.

Zima kompyuta, iwashe, fungua programu, chapa risiti moja.

## Mambo yatakayojitokeza baadaye

Diski ya mtandao, mfano Z:, haionekani ndani ya programu. Msimamizi ana vitambulisho viwili, kimoja cha kawaida na kimoja chenye mamlaka, na diski iliyounganishwa kwa kimoja haionekani kwa kingine. Kwenye mipangilio ya programu, andika njia kamili kama \\seva\data badala ya Z:.

Huwezi kuburuta faili kutoka File Explorer kuingiza kwenye programu. Windows huzuia zenye mamlaka madogo kuzigusa zenye makubwa. Tumia "Open" au "Import" ya programu yenyewe.

Programu imekuwa nzito kidogo. Kazi za Task Scheduler huanza kwa kipaumbele cha chini ya kawaida. Iteue kazi, bofya "Export", fungua faili ya XML kwa Notepad, badilisha `<Priority>7</Priority>` iwe 5. Ifute ile kazi ya zamani, kisha "Import Task" faili hiyo.

Imeacha kufunguka baada ya sasisho. Sasisho limehamisha au kubadilisha jina la .exe. Rekebisha "Actions", na urudie Hatua ya 3 na ya 6, kwa sababu hiyo sasa ni faili mpya kwenye folda ambayo huenda nayo ni mpya.

Unaacha kuitumia programu hiyo, au unauza kompyuta. Kuondoa programu hakuondoi kazi uliyoitengeneza. Fungua Task Scheduler, iteue, bofya "Delete", kisha ufute njia ya mkato.